Maziwa ya Mama Odeta

Juzi nesi alipomdondoshea mwanangu chanjo ya kuhara mdomoni, nilijikuta nasubiri aionje kwanza yeye.

Ndivyo tulivyolelewa kijijini kwetu Ndera: anayekupa kinywaji hukionja mbele yako, ujue hakina sumu. Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, mdogo wangu alikuwa akiharisha tangu asubuhi, chumba kinanuka matapishi na sabuni. Ghafla akakakamaa, macho yakageuka juu, meno yakawa yanasagana. Mama alinigeukia.

"Yale maziwa jirani aliyokupa umletee mdogo wako, aliyanywa?"

"Aliyanywa."

"Mama Odeta aliyaonja mbele yako?"

Nilikumbuka alivyoifunga chupa haraka. "Hapana, mama."

Mdogo wangu alipona, lakini Mama Odeta hakusalimiwa tena kwetu mpaka akahama.

Nesi, nilipomuuliza kuhusu kukakamaa kule, alisema virusi vya kuhara vinaweza kumtia mtoto degedege hata bila homa kali. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba yale maziwa niliyanywa mimi, yote, njiani, na kwamba alasiri ile nilikaa mlangoni nikiitazama mikono yangu, nikisubiri nayo ianze kutetemeka. Haikutetemeka, na bado nilinyamaza.