Mbuzi wa Mzee Darshan

Mimi nikitaka kununua hata kijiko, kwanza natafuta bei kwenye simu. Ile mitandao ya kulinganisha bei naijua kama jiko langu: unaandika kitu, unaona maduka yanavyoshindana, unachagua la bei ya chini. Sioni aibu. Mshahara wa kutunza wazee London si wa kuringia. Lakini nikiingia kwa Mzee Darshan pale Tooting, simu inakaa mfukoni, maana nimeona wanavyomfanyia. Mtu anapapasa sufuria, anaipiga picha mbele ya macho yake, anakuta nafuu kwingine, anaondoka bila hata kwaheri. Kukosa adabu kabisa.

Mzee ni Mhindi wa Mombasa. Alikuja huku kijana, akafungua duka la vyombo na mkewe, Sushila. Kigujarati chao kilikuwa cha sala na cha wageni. Kutaniana, kugombana na kupatana kulikuwa kwa Kiswahili. Sushila alifariki mwaka jana. Binti yao Hina anakielewa, lakini anajibu kwa Kiingereza. Basi mzee amebaki na sisi wateja tu wa kuongea naye, na sisi wenyewe tunapungua. Hina akaona duka haliendi, akampata mtu wa kulichukua mwisho wa mwezi, ili babake akakae naye Leicester. Anampenda, sikatai. Lakini mzee alipokuwa akinieleza alikunja kitambaa cha kufutia vumbi, akakikunjua, akakikunja tena, na roho iliniuma.

Nikamwambia, kama wateja wamehamia kwenye simu, na yeye aingie humo humo. Nikamfungulia ukurasa kwenye ile mitandao ya bei. Akanitumia sauti yake akitaja bidhaa na bei, nami nikaziandika nikiwa kwenye basi nikienda kazini. Sufuria, kibao cha chapati, chujio la chai, mbuzi pauni kumi na nane. Mbuzi? Nilishangaa, kwa sababu mzee ni Mhindu na nyama hajaionja tangu azaliwe. Lakini jirani yake Kamal ana bucha, nikasema labda wameshirikiana. Nikaandika mbuzi, kando nikatia Kiingereza chake, na kwa ujuaji wangu nikaongeza kwamba analetwa mpaka mlangoni.

Mimi ni wa Nyeri, na kwetu mbuzi ni mbuzi. Nani aliniambia kwamba watu wa Pwani wana mbuzi wa mbao, mwenye chuma cha meno mbele, wa kukalia wakikuna nazi?

Hakuna bucha London nzima iliyoikaribia bei hiyo. Tukakaa juu kabisa, na simu zikaanza. Kamande mmoja wa Stratford, aliyekuwa na sherehe ya ubatizo, aliuliza kama mbuzi ni mzima. Mzee akamhakikishia kwamba ni mzima kabisa, meno yake makali, na ukishamaliza kukalia unakunja, unaweka kabatini. Kamande akacheka mpaka akashindwa kuongea.

Niliposikia, nilikimbia dukani nikitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeshatoa simu nifute.

"Usifute, mwanangu," mzee akasema. "Wakishajua si nyama, wengine hawakati simu. Wananiuliza nilisoma wapi."

Kuuza, hakuuza cha maana. Waliotafuta kitoweo walikasirika, wa Pwani wakanicheka mimi mtu wa bara, na mzee akawa anakaa karibu na simu tangu anafungua.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Hina akaja na gari la mizigo na maboksi. Alimkuta babake kwenye simu na mama mmoja aliyekuwa akitafuta mbuzi, mwenyeji wa Mombasa, na walikuwa wameshaiacha mbuzi zamani. Walikuwa wanabishania namna ya kupika mbaazi. Mzee alimwambia huyo mama kwamba aliyemfundisha kupika alimwonea, kisha akacheka kicheko cha tumboni, huku akipiga meza kwa kiganja. Hina alisimama na boksi mikononi. Akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba hajamsikia babake akicheka hivyo tangu mama yake afe. Nami machozi yalikuwa karibu, siwezi kuficha.

Mzee alipoweka simu chini, nikamuuliza kama ameuza.

"Hajanunua," akasema, akijifuta macho. "Ameona nyingine kwenye simu, rahisi kuliko yangu. Lakini amesema kesho atapiga tena."

Hina akaliweka boksi chini, akatoka nje kumwambia dereva aende zake.