Mume aliyezikwa Salamabila akamwombea mkewe visa ya Canada

Wakuu, salamu kutoka Kasongo. Hili nimekaa nalo muda mrefu. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea.

Mimi ni wakili. Kazi yangu ni karatasi za watu: uraia, pasipoti, familia kuwafuata ndugu zao waliopata ukimbizi nje. Jumamosi nasaidia watu bure kwenye baraza ya msikiti mmoja hapa mjini. Waislamu, Wakristo, wote wanakuja.

Jumamosi moja akaja mama kutoka kijiji cha Lusangi, tumwite Zaina. Alikuwa na barua: mumewe, Ramazani, amepokelewa Canada, anaomba mkewe na watoto watatu wamfuate.

Nikampa hongera.

Hakutabasamu.

"Maître," akaniita, kama mawakili wanavyoitwa huku, "bwana yangu alikufa Salamabila. Shimo la dhahabu lilimuangukia. Miye mwenyewe nilimuosha."

Nikapitia file iliyoambatana na barua. Siku ya ndoa, majina ya watoto, hata mimba iliyoharibika kabla ya mtoto wa kwanza. Kila kitu sahihi. Picha ndiyo ilikuwa fotokopi nyeusi, uso hauonekani.

Nikapiga namba ya huyo mume iliyoandikwa kwenye barua, nikaweka loudspeaker. Nikasema niko na mkewe.

"Zaina, umeamukaje?" Kikafuata kicheko kifupi chenye kikohozi.

Zaina akashika ukingo wa meza. "Njo sauti yake," akaninong'oneza. "Hata kale kakikohozi."

Wakuu, ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, na nywele zilinisimama.

Zaina akainamia simu. "Bwana yangu nilimuzika. Weye ni nani?"

Tulimsikia anapumua.

"Mama, unisamehe. Miye ni Pascal. Tulichimba na Ramazani shimo moja miaka mitatu. Kila siku alinielezea weye na watoto."

Ramazani alipokufa, Pascal alibaki na kadi yake ya utambulisho. Vita ikaja, akakimbia, na kwenye kambi ya wakimbizi akajiandikisha kwa kadi ile.

"Watu wanaita Ramazani, ninaitika. Ninakohoa kama yeye. Siku zingine ninaota nyumba yenu ya Lusangi, na sijafika kule hata siku moja." Akashusha sauti. "Mama, sema ndiyo tu. Watoto wapande ndege. Njo kitu yeye alitaka."

Nakiri, nilisita. Watoto watatu, Canada! Lakini nilijua wataombwa vipimo vya damu vya kuthibitisha baba yao, na uongo ule nisingeweza kuutia sahihi. Nikafungua mdomo nimweleze Zaina, akaniwahi.

"Watoto yangu watamuita baba mutu gani? Hapana."

Nilimshauri Pascal atafute wakili huko aseme ukweli mwenyewe. Nikataka kukata simu, Zaina akanishika mkono.

"Acha kwanza. Pascal, ongea tena kidogo. Kitu chochote."

Akaongea. Baridi ya kule, viatu anavyovaa, kazi ya kufagia ghala. Zaina alisikiliza kafumba macho, mpaka unité, yaani salio la simu yangu, zikaisha.

Kisha akaomba cheti cha kifo cha Ramazani. Hakuwahi kuwa nacho. Tulikipata baada ya wiki kadhaa.

Nilichojifunza: file inaweza kuwa kamili na mtu asiwemo ndani. Siku hizi namsikiliza mteja kwanza, karatasi baadaye.

Pascal hajanipigia mpaka leo. Nyie mngemwambia nini mtu kama huyo? Semeni wakuu, nasoma zote.