Donge la Jana

Asubuhi niliyoondoka Chimwaga sikuwa na mpango wowote. Nilikunja mashati mawili, nikatia mswaki mfukoni, nikapitia nyuma ya tanuri ili nisipite mbele ya mlango wa Mama. Tanuri lilikuwa pipa la mafuta lililolazwa na kukandikwa udongo. Nililigusa kwa mazoea, lilikuwa baridi. Zamani, saa kama hiyo, lingekuwa limeshaniunguza nyusi.

Nimeondoka sehemu nyingi. Shule niliiacha darasa la sita, wala sikufukuzwa, ila barabara ilipita mbele yake na mimi nilitaka kujua inaishia wapi. Mpaka leo sijui. Nimepakia mkaa, nimechunga mbuzi wa watu, nimeuza maji stendi. Kwa Mama ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote, karibu miaka miwili, na kilichonishika ni mkate.

Hakuwa mama yangu. Alikuwa Mgogo wa Mlali, mtu mzima, mfupi, aliyewauzia skonzi za Kihindi wanafunzi wa chuo na watu wa maofisini. Ujuzi aliupata usichanani, alipofanya kazi za ndani kwa bibi mmoja wa Kihindi pale Dodoma mjini. Skonzi zile hupangwa kwenye sinia zikiwa zimebanana. Zikiumuka zinashikana mbavu, na ukizitenganisha zinachanika kama pamba. Juu unapaka maziwa kabla ya kuoka, na zikitoka motoni unapaka samli. Kwa unga uleule tulitengeneza vikombe vya mkate: unasukuma, unakata kwa mdomo wa glasi, unakandamiza kwenye vibati vya keki. Vikiiva unajaza viazi vya manjano na pilipili, unakamulia ndimu. Mtu anatia kimoja kinywani na kimekwisha.

Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Kwa nini maziwa yawe vuguvugu, kwa nini sinia lisiguswe, kwa nini tufunike kwa kitambaa kibichi. Akaniambia, "Wewe ungekuwa ng'ombe ungekufa njaa, umesimama unauliza majani yametoka wapi."

Jambo moja hakulieleza, na mimi sikuliuliza vizuri. Hatukutumia hamira ya dukani. Kila siku, kabla ya kukata skonzi, Mama alinyofoa donge la ukubwa wa ngumi akaliweka kwenye bakuli la bati lenye kifuniko. Kesho yake donge hilo la jana ndilo lililokandwa pamoja na unga mpya na kuuumua. La kwanza alipewa na yule bibi, siku bibi alipohamia kwa watoto wake ng'ambo. Baadaye zikaja habari kwamba amefariki. Mama hakuwa hata na picha yake. Alipokwenda Mlali msibani nilimsindikiza, nikamwona amebeba bakuli ndani ya kapu, na katikati ya matanga akajitenga kulikandia donge unga mpya. Nilicheka kidogo, nikigeuka pembeni.

Kisha ukaja msimu wa mahafali. Familia moja iliagiza vikombe vingi, na gari lao lingepita kuvichukua mchana. Mama alikuwa amekwenda kuchagua viazi vya siku ya pili, akaniachia kazi ya kukandamiza. Unga uliokandwa ukaisha vibati kama kumi vikiwa bado vitupu. Nikafunua bakuli.

Ningeweza kuandika kwamba ni haraka ya wenye shughuli. Haraka ilikuwepo. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiuliza siku nyingi kama lile donge lina kazi yoyote, au ni mazoea tu ya mtu na marehemu wake. Nilitaka kujua. Tena mimi nimekulia kando ya ziwa. Kwetu kilichopo huliwa, kesho mtu anarudi majini. Nikalisukuma lote, nikalikata, nikajaza vibati.

Mama aliporudi gari lilikuwa limeshaondoka. Alitua kapu la viazi, akanawa, akafunua bakuli.

"Donge liko wapi?"

"Nimemalizia vikombe, Mama. Unga ulipungua."

"Lote?"

"Lote."

Alikaa juu ya mfuko wa unga. Nilingoja matusi. Akasema taratibu, kama anayemweleza mgeni njia, "Kwetu mwaka wa njaa mtu anakufa, na mbegu ya uwele imening'inia juu ya moto. Hailiwi." Halafu akaliosha lile bakuli, akalifunika kifudifudi.

Kesho yake alinunua hamira. Skonzi ziliumuka, tena upesi. Mwanafunzi mmoja akamtania mbele ya wenzake, "Mama, za leo laini hivi, kumbe siku zote ulikuwa unatubania!" Wakacheka wote, naye akacheka nao. Wiki ile ndipo alipoacha kukanda. Aliniachia mimi, akawa anakaa mlangoni akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Angenitukana ningekaa.

Nilijaribu kulipa. Nilikoroga unga na maji kwenye kopo la siagi, nikaliweka dirishani, nikalilisha unga kidogo kila asubuhi. Baada ya siku kadhaa likatoa mapovu na harufu ya uchachu. Nikampelekea kwa mikono miwili. Alilinusa muda mrefu, akanirudishia.

"Hili ni lako," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Tangu hapo siku za kuwasha tanuri zikawa chache, mpaka likapoa kabisa.

Basi asubuhi ile nilisimama barabarani na mfuko wangu, na ndani yake lile kopo, kwa sababu kulitupa kulinishinda. Gari dogo lililobeba nguzo za shamba likasimama. Dereva akasema anakwenda Hombolo. Nikapanda nyuma, jua likanipiga njia nzima.

Hombolo mizabibu ilikuwa imekatwa matawi, imebaki vijiti kwenye mistari. Niliulizia chumba, nikaelekezwa kwa mama mmoja anayewapangisha wanachuo. Nilimkuta anachambua mboga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akauliza ninasoma au ninafundisha. Nikasema sifanyi yote mawili. Akanionyesha chumba cha uani: kitanda, msumari wa kutundikia nguo, dirisha dogo. Nilipoweka mfuko chini, kopo likafunguka.

"Hicho kimeharibika, mwanangu," akasema. "Nikutupie?"

Donge lilikuwa limegeuka kijivu, maji yamejitenga juu, linanuka kama rangi ya ukuta. Nikamwomba ngumi moja ya unga wa ngano.

"Ngano sina. Uwele upo."

Akaniletea uwele kwenye kikombe, akasimama mlangoni aone nitaufanyia nini. Nilimwaga yale maji, nikatia unga, nikakoroga kwa kidole, nikafunika. Akaguna, akarudi kwenye mboga zake.

Jioni, kabla ya giza, nilifunua kuangalia. Lilikuwa limelala vilevile nilivyoliacha.