Feni ya Kijiti

Omena, wale dagaa wa ziwani, ikianza kuiva kwenye sufuria, nasikia harufu ya ufuo wa Usenge, na papo hapo niko mtoto tena kwenye maonyesho ya Kisumu. Bembea zinazunguka na watu wanapiga mayowe huko juu.

"Kitu kimoja tu cha kupeleka nyumbani," mama alisema. "Chagua vizuri."

Nilikimbia meza hadi meza! Mwanasesere mwenye nywele za dhahabu. Miwani nyekundu iliyomfanya kila mtu awe na rangi ya juisi. Halafu nikaiona: feni ya karatasi inayong'aa, imebandikwa kwenye kijiti, inazunguka kwa upepo kama imepagawa. Nikaruka juu. Hiyo! Mama, hiyo!

Ndani ya basi niliikumbatia njia nzima isipondwe na vikapu vya watu.

Usenge tulimkuta Dani, mama yake baba, akifukuza kunguru kwenye nyavu alikoanika omena. Aliitazama feni yangu, akaichukua mkononi mwangu, akaichomeka mchangani katikati ya omena. Nikanyoosha mkono niichomoe. Lakini kunguru wote wakaruka! Wakahamia kwa jirani.

Dani alicheka hadi akashika kiuno. "Nyathina, mtoto wangu, hii ndiyo umeniletea?"

"Ndiyo, Dani!"

Jirani akaja mbio na fimbo yake. "Na mimi je? Mwaka ujao usinisahau!"

Mpaka leo sipiti penye maonyesho bila kununua feni moja. Ya sasa iko dirishani kwangu, ghorofa ya nne. Inazunguka kutwa nzima, na hakuna ndege wa kufukuza.