Siku Tuliyomhamisha Kaka

Kaka yangu nilimkuta kaburini. Alifariki akiwa mchanga kabisa, kabla mie sijazaliwa, na Baba akamzika Kunduchi, juu ya mwinuko wa mchanga nyuma ya nyumba waliyokuwa wamepanga, chini ya mivinje. Nilipokuwa mdogo Mama alikuwa akinipeleka pale. Tukishafagia majani na kusoma Fatiha, aliniachia nikimbilie baharini. Ufukwe ulikuwa mpana. Mpaka uyafikie maji, nyayo zimeshaungua.

Hatukujua kama ufukwe unaweza kuisha. Baba alikuwa fundi mwashi aliyetoka Lindi kutafuta kazi, na kwake mchanga wa pwani ulikuwa kama maji ya bahari: upo tu. Baadaye ndipo tulipoelewa kwamba mchanga ni msafiri. Mito hushuka nao kutoka bara wakati wa masika, mawimbi huupokea na kuutembeza pwani nzima, yakichukua hapa na kurudisha pale. Mji ulipokua, malori yakaingia mabondeni mwa mito kuchota mchanga wa kujengea. Bahari ikaendelea kuchukua, lakini cha kurudisha ikawa haina.

Ulianguka mvinje mmoja, halafu mwingine. Ile nyumba ikapasuka, ikabomolewa. Sie tulikuwa tumeshahamia Bunju. Masika iliyopita, siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, Mama alikwenda kaburini peke yake, akarudi gauni limelowa hadi magotini.

"Maji yamefika miguuni kwa mtoto," alimwambia Baba.

Baba alikuwa anakula. Akanawa mikono bila kumaliza, akaenda moja kwa moja kwa ustadhi wa msikiti wetu. Ustadhi akasema maiti hafukuliwi bila dharura, na hii ni dharura. Serikali ya mtaa nayo ikaridhia.

Tulikwenda asubuhi, maji yamekupwa. Kaburi lilikuwa ukingoni kabisa, na juu yake bahari ilikuwa imemwaga takataka: chupa za plastiki, kandambili, nepi, vipande vya nyavu, mifuko iliyochanikachanika mpaka ikafanana na mwani. Mito iliyokuwa ikileta mchanga, sasa ilikuwa inaleta hivi.

Mama alinishika mkono. "Mwanangu analala jalalani," akasema polepole.

Baba alimsikia. Akaweka jembe chini, akaanza kuokota kimoja kimoja kwa mikono. Nikaenda kumsaidia. Ustadhi naye akakunja kanzu yake, akainama. Tuliokota mpaka mchanga ukaonekana.

Kisha Baba akachimba, kwanza kwa jembe, halafu kwa viganja, kama mtu anayetafuta kitu asichotaka kukiamsha. Mie na Mama tulisimama kando. Muda ukapita, nikaanza kuogopa kwamba bahari imetutangulia. Ndipo Baba akatulia, mgongo wake ukiwa kwetu.

"Yupo," akasema.

Vilikuwa vijifupa vichache, vyembamba kama vijiti. Ustadhi akatandaza kitambaa cheupe, Baba akaviweka. Akarudi tena shimoni, akachota na mchanga uliokuwa umevizunguka.

"Huo si lazima, mzee wangu," ustadhi akamwambia kwa upole.

"Huu nao ni yeye," Baba akajibu, na ustadhi akaukunja pamoja.

Kwenye gari Baba alitaka kukaa na kile kifurushi mbele. Mama akanyoosha mikono.

"Nipe mie. Siku ya kumzika nilikuwa kitandani, mkamchukua. Sikumbeba hata kidogo."

Baba alimtazama ustadhi. Ustadhi akamfungulia Mama mlango.

Njia nzima Mama alikuwa amekilaza kile kifurushi mapajani, na kila gari lilipokaribia tuta alikifunika kwa kiganja kisitikisike. Nilikaa ubavuni mwake. Sikuwahi kumwona Mama akiwa mzazi wa mtoto mwingine zaidi yangu. Karibu na Boko Baba akageuka.

"Amelala?"

"Amelala," Mama akasema, na wote wawili wakatabasamu huku machozi yanawatoka.

Makaburini Bunju wanaume walizika, sie wanawake tukasubiri garini. Baba aliporudi viatu vyake vilikuwa vimejaa udongo mwekundu.

"Ardhi ya huku ngumu, mama watoto," akasema. "Tumepiga sururu mpaka mikono imechubuka."

"Afadhali iwe ngumu," Mama akajibu, akamshika mkono akautazama ulivyochubuka.

Jioni tulikaa ukumbini nikimsaidia Mama kuchambua mchele. Miaka yote kaka alikuwa kwangu kaburi tu, na Mama hakuwahi kunieleza zaidi, wala mie sikuthubutu kuuliza. Siku hiyo alianza mwenyewe. Akaniambia kaka alizaliwa na nywele nyingi, tena mtulivu, hakulia sana. Akaacha mchele, akanitazama kwa muda, akanigusa sikio.

"Alikuwa na masikio kama yako," akasema.