Jina la Baba Nililolificha

Siku ile nilikuwa uani kwetu, Burundi, nachambua maharage huku nimenuna. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka kwenda kwa rafiki yangu kusukwa. Mama aliniachia ungo mzima, na mdogo wangu Odeta, wa miaka mitano, akamwaga kila nilichokichambua. Nikamfinya. Akalia, kisha akasahau, kama kawaida yake. Baba, aliyekuwa kiongozi wa kilima chetu, kama mwenyekiti wa kijiji huku, alikuwa ameitwa kwenye kikao.

Hakurudi. Alasiri jirani alikuja mbio akasema baba ameuawa njiani, na waliomuua wanaitafuta nyumba yake.

Mama alitutoa kwa mlango wa nyuma. "Mshike mkono. Na mtu yeyote asijue ninyi ni watoto wa nani."

Risasi zikaanza.

Tukalala kwenye mtaro, shambani mwa kahawa. Niliona mabuti yakipita, nikamziba Odeta mdomo.

Mama hakutufuata.

Tulitembea siku tatu na watu tusiowajua mpaka Tanzania. Kwenye dirisha la kuandikisha wakimbizi, karani alituhoji mmoja mmoja kupitia mkalimani. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe anapozaliwa: mimi ni Goreti Niyonkuru, yeye Odeta Nahimana. Hatukuwa na jina moja la ukoo la kutuunganisha. Lilibaki jina la baba tu. Nyuma yangu kulikuwa na msururu wa watu wa kwetu, na sauti ya mama ilikuwa bado masikioni. Nikataja jina la uongo.

Odeta akasema ukweli. Sikukumbuka kumfundisha.

Karani alikuwa hoi, na siku zile watu waliazimana watoto ili waongezewe chakula. Majina tofauti, baba tofauti: akaandika kwamba sisi si ndugu. Mimi nikapewa familia ya kunilea, Odeta akawekwa na watoto wasio na jamaa. Nilikuwa nikimwona uzioni, akiniuliza lini tutalala pamoja. Nikamjibu kesho. Niliamini nikikiri uongo wangu wataturudisha wote wawili kwa wauaji.

Baada ya miezi minne watoto wale walipandishwa lori kwenda kambi nyingine. Odeta alinipungia mkono akicheka, kwa kuwa alikuwa hajawahi kupanda gari. Huko akafa kwa kipindupindu. Mwanamke aliyeniletea habari alisema mtoto alikuwa akiwaambia wenzake kwamba dada yake yuko njiani. Sijawahi kumsamehe yule mwanamke kwa kuniambia hilo, ingawa hakunikosea kitu.

Nilikuja kuolewa na mtu wa Ushirombo, nikapata uraia. Sasa nina cherehani yangu Nyasubi, hapa Kahama, na watu huniita Mama Furaha. Vijana waliokimbia kwao, wanaopita kwenda kwenye machimbo ya Geita, huniletea karatasi zao nami hujitia kuzijua. Kwa aibu hiyo nikajiunga na mafunzo ya wasaidizi wa kisheria.

Wiki iliyopita mwalimu wetu, binti wa rika la mwanangu, alifundisha mahojiano ya mwombaji hifadhi. Alisema maelezo ya mkimbizi ni siri, na ndugu wa tumbo moja hawapaswi kutenganishwa. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mtoto akidanganya jina la baba yake kwa woga?"

"Anarudi palepale anasahihisha, Mama Furaha. Anaeleza alichokuwa anakiogopa. Woga wenyewe ni sehemu ya maelezo yake."

"Hawamrudishi kwao?"

"Kwa hilo? Hapana, mama."

Mzee Masanja, tunayekaa naye benchi moja, akacheka. "Bhebhe! Wewe leo umemkaba mwalimu!"

Darasa zima likacheka. Na mimi nilijaribu kucheka, machozi yakanitangulia.

Kule kambini, bomba letu la maji lilikuwa jirani na dirisha lile la kuandikisha. Kwa miezi minne nilipita pale kila asubuhi na ndoo, nimeinamisha uso, nikimwomba Mungu karani asinitambue.