Pikapu ya Mzee Yafungiwa Sabato

Ijumaa iliyopita jioni nilikuwa kwenye gereji moja ya Kisongo, nikisubiri gari langu. Akaja mzee wa kanisa la Kilutheri kutoka Olmotonyi, pikapu yake ikivutwa kwa kamba. Fundi, ambaye ni Msabato, alikuwa tayari ananawa mikono.

"Shikamoo mzee. Leo nimefunga, Sabato inaingia."

"Marahaba. Kesho nina vikao vitatu: cha harusi, cha maji na cha ushirika. Nitafikaje?"

"Hapo sijui, mzee. Njoo Jumapili."

"Jumapili niko kanisani."

"Basi Jumatatu," fundi alisema, akafunga geti taratibu, magari yetu yote mawili yakiwa ndani. Mimi na mzee tukabaki nje tukitazama kufuli.

Jumatatu tulikutana tena palepale. Fundi alipoanza kuomba radhi, mzee alimzuia kwa kiganja.

"Jumamosi nilishinda nyumbani. Nikanywa chai, nikalala mchana. Mke wangu akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Vikao vimefanyika bila mimi, na nasikia vimeisha mapema."

Pikapu ilipotengemaa akapokea funguo, kisha akauliza kama anaweza kuileta tena Ijumaa jioni.

"Ina tatizo gani jingine, mzee?"

"Haina. Wewe ifungie tu."

Amri ya kupumzika Wasabato huihesabu ya nne, sisi Walutheri ya tatu. Kubishana kuhusu namba na siku tunaweza sana. Kupumzika kwenyewe ndiko kunakotushinda, mpaka gari liharibike.